Aliyevaa Buti za Shemeji

Kituoni,
tarehe 6 mwezi wa pili

Mpenzi Baba Kidoti,

Sisi wazima. Kilichopungua hapa ni wewe.

Nakuandikia kwenye kaunta kwa sababu ndiyo meza pekee iliyobaki. Mkuu wa kituo ameondoka na gari, na akabeba mlango wa ofisi yake. Nikamuuliza, "Afande, hata mlango?" Akasema ule ni mbao ngumu, hauachwi. Askari wengine nao wametawanyika, kila mmoja na njia yake. Kwa hiyo serikali ya hapa sasa ni mimi, mama yako na Kidoti, na anayetoa amri ni Kidoti.

Nilidhani watu wakiona hakuna askari wataacha kuja. Wapi! Mtu akishaibiwa anataka pa kwenda kusema. Juzi alikuja mama mmoja, jirani yake kamchukulia mbuzi mchana kweupe, kisha akamcheka: "Nenda kashtaki, tuone utamkuta nani." Basi akanikuta mimi. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamfuata yule jirani na mtoto mgongoni, nikamwambia rudisha mbuzi wa watu. Akaniuliza, "Wewe kama nani?" Nikasema mke wa koplo. Akarudisha. Mpaka leo sielewi kwa nini alirudisha, na yeye nadhani haelewi.

Mama kila asubuhi anakwenda kaburini kwa Shemeji. Anang'oa majani tu. Ila jana aliniambia nikikuandikia nikwambie hivi: "Mwanangu amefunga mkoba kwenda kumtafuta aliyemuua mdogo wake akilinda ghala la unga, basi asirudi mikono mitupu." Nimeandika kama alivyosema. Sasa naongeza langu. Wewe rudi hata kama ni mitupu. Mikono ya kumbebea Kidoti si lazima iwe mitupu?

Barua italetwa na Bwana Breki, dereva wa lori la kokoto. Wanamwita Breki kwa sababu lori lake halina.

Wako,
Mama Kidoti


Darajani,
tarehe 15 mwezi wa pili

Mama Kidoti,

Barua nimepata. Mimi mzima. Funga kaunta. Narudia: funga kaunta. Huwezi kujua nani ataingia.

Huku mbele hakuna mwenye nchi. Hapa darajani kuna vijana wamefunga kamba njiani, wamevaa kofia za polisi, sijui wamezitoa wapi. Walinipigia saluti vizuri kabisa, kisha wakanipekua mpaka soksi. Bastola hawakuiona. Nililala nikiwa sijui nani ni askari kati yangu na wao.

Nimeonana na mpakia magunia wa ghala lile. Anasema waliovamia walikuwa umati, hakuna aliyeona nani kapiga. Lakini watu walipokimbia na unga, mmoja alibaki nyuma akamvua mdogo wangu buti. Huyo ndiye wangu. Zile buti nazijua kama kiganja changu. Kisigino cha kushoto kilipoisha, nilikikatia mimi mwenyewe kipande cha tairi la gari, nikakipigilia misumari vibaya, mdogo wangu akanicheka kwamba nimemfanya awe na kilema.

Kazini tulifundishwa hivi: ukimkuta mtu na mali ya marehemu, usihangaike kutafuta mwingine. Aeleze aliipataje. Akianza kuleta hadithi za mtu asiyemjua aliyekutana naye njiani, huyo ndiye. Miaka yangu yote kanuni hiyo haijanidanganya.

Kwa hiyo sitafuti uso. Natafuta miguu.

Mwambie Mama sijasahau. Kidoti ameota jino?

Koplo


Kituoni,
tarehe 26 mwezi wa pili

Mpenzi Baba Kidoti,

Mume wangu kweli, unamwandikia mkeo halafu unaweka sahihi Koplo? Au na mimi nisimame wima ninapoisoma?

Jino limeota, la chini, na ameanza kulijaribia kwenye bega langu.

Kaunta sikufunga. Nilitaka kufunga, kweli tena, lakini asubuhi ileile aliingia kijana mmoja, pekupeku, vidole vimechubuka, akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo mama, nimekuja kufungwa."

Nikamwambia kaka, kituo hakifanyi kazi.

Akasema, "Mbona mlango uko wazi?"

Nikamwambia uko wazi kwa ajili ya hewa. Akakaa chini. Nikamuuliza umefanya nini, akasema ataniambia akiweza, kwa sasa andika tu kwamba nimekuja. Nikamuuliza jina, akasema andika Mahabusu. Mama akatoka jikoni na mwiko, akasema huyu ana njaa tu, anataka chakula cha bure na paa. Kijana akasema, "Bibi, njaa ninayo, lakini si hiyo iliyonileta." Ufunguo wa rumande ulikuwa bado kwenye msumari. Nikamfungulia chumba cha kwanza akaingia mwenyewe, akageuka akaniambia, "Hujafunga, mama." Nikafunga. Yeye akalala pale pale sakafuni kama mtoto aliyebembelezwa.

Sasa niambie, mimi sikusoma mambo hayo. Mtu akijileta mwenyewe, anakaa muda gani? Chakula anapikiwa na nani? Hapa anapikiwa na Mama, ambaye alianza kwa kununa na sasa anamwekea ukoko, maana kijana anapenda ukoko kama alivyopenda Shemeji. Ametengeneza miguu ya benchi akiwa humo humo ndani, nampitishia vipande vya mbao kwenye nondo. Kidoti anatambaa mpaka mlangoni kwake kumwonyesha jino.

Ana adabu. Ila macho yake hayatulii, kama mtu anayesubiri aitwe.

Wako,
Mama Kidoti (si Konstebo)


Njia panda ya machimbo,
tarehe 5 mwezi wa tatu

Mama Kidoti,

Barua yako inasema mahabusu. Bwana Breki anasema ni kijana mwenye mabega, anakula sahani mbili na mke wangu anamchekea huku akipepeta mchele. Nishike lipi?

Mimi nalala chini ya malori, wewe umempa mtu paa langu. Sijasema neno baya, nauliza tu. Anakaa chumba gani? Ufunguo unalala wapi? Usinijibu kwa mzaha.

Kama kweli ni mahabusu, sheria ni hii. Aliye ndani ya rumande ni amana ya kituo. Awe kaiba kuku, awe kaua mtu, haguswi, hapigwi, hatukanwi, mpaka asimame mbele ya hakimu. Niliwahi kuzuia umati mzima pale mlangoni kwa ajili ya mwizi wa baiskeli, unakumbuka, ulikuwa na mimba. Lakini sasa hakimu hayuko, kwa hiyo mpe maji, mpe njia, aende zake.

Huku mambo yamekaribia. Muuza chai wa hapa amemwona mtu mwenye buti za askari, kisigino kimoja kinaacha alama ya tairi kwenye vumbi. Anapasua kokoto machimboni. Nimeiona ile alama mwenyewe. Niliinama nikaigusa, na muuza chai akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Baba Kidoti (umefurahi?)


Kituoni,
tarehe 12 mwezi wa tatu

Baba Kidoti,

Ningekujibu la wivu wako mpaka ukome, maana nilidhani Breki anakosa breki ya lori tu, kumbe na ya mdomo. Ufunguo unalala shingoni kwangu na mwanao analala juu ya ufunguo. Basi, tuliache hilo.

Soma hii polepole. Usimguse mwenye buti.

Nimesikia kwa mtu anayejua. Aliyemvua Shemeji buti alitembea nazo, hazikumkaa, na huko njiani akazibadilisha kwa mkate na mtu aliyekuwa amekaa kando ya barabara. Wala hawajuani. Huyo unayemwona leo alitoa mkate, akapata viatu. Hilo tu ndilo kosa lake, kama ni kosa. Najua kanuni yenu inasema nini kuhusu hadithi za mtu asiyejulikana wa njiani. Lakini safari hii mtu huyo yupo.

Utaniuliza nani kaniambia. Sitakwambia sasa. Kila nikitaka kuandika mkono unarudi nyuma, kisha nasema andika, yule ni mumeo, kisha nasema usiandike, yule ni mumeo. Sijui kama unanielewa. Mimi mwenyewe sijielewi. Nachemsha maji nasahau nilitaka kupika nini.

Ninachoweza kusema ni hiki. Aliyeniambia hajui kama aliua. Walikuwa wengi, wana njaa, Shemeji kasimama mlangoni kanyoosha mikono tu, hapigi mtu. Huyu alikuwa na mtarimbo wa kuvunjia kufuli. Anasema aliuinua, na wengine waliinua vya kwao, na Shemeji akaanguka. Anasema siku nyingine akiamka ni yeye, siku nyingine si yeye. Anataka mtu mwenye haki ya kusema amwambie ni lipi, hata kama ni la kunyongwa. Amekataa chakula cha Mama tangu Mama alipomsimulia habari za kaburi. Ndipo nikajua.

Loo. Nimeshaandika, sivyo? Nilisema siandiki.

Basi ndiyo. Yupo hapa. Ni yule yule. Na wewe ndiye uliyeniandikia kwamba aliye ndani haguswi. Nimeukunja ule mstari wako nikauweka kifuani pamoja na ufunguo. Rudi, lakini rudi ukiwa yule mtu aliyezuia umati kwa ajili ya mwizi wa baiskeli. Mama bado hajui.

Nampa Breki barua hii asubuhi hii hii, na nimemwambia akiichelewesha nitamfunga chumba cha pili.

Wako,
Mama Kidoti


Machimboni,
tarehe 16 mwezi wa tatu

Mama Kidoti mpenzi,

Tangu ile ya mahabusu sijapata barua yako. Wanasema lori la Breki limezuiwa darajani. Hii nampa mtu wa baiskeli.

Kazi imekwisha. Nimempata.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la kokoto, anakula. Nikatazama miguu, nikamwambia vua. Akavua, akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa askari. Nikageuza kisigino: tairi langu, misumari yangu mibovu. Nikamuuliza umezipata wapi. Akasema alibadilishana na kijana mmoja pekupeku njiani, kwa mkate. Kijana gani? Hamjui. Anaitwaje? Hakuuliza.

Wote husema hivyo.

Wapasuaji wenzake walisimama na nyundo zao wakatazama nikitoa bastola. Nilitegemea mmoja atasema kitu.

Nilifikiri nikimaliza nitalia, au nitapata usingizi. Nimekunywa chai, nimenyoa ndevu. Yule muuza chai amekataa pesa yangu, na sijui ni heshima au ni woga. Nimezifunga buti kwenye mkoba, nazileta kwa Mama. Mwambie mikono yangu si mitupu.

Kitu kimoja kinanisumbua, kidogo tu. Zilikuwa zimemkaa vizuri. Kiatu cha kumvua maiti ni nadra kumkaa mtu, na mtu hufunga kamba za kiatu cha wizi haraka haraka, lakini yeye alikuwa amezifunga kwa fundo la utepe, kama mtu aliyenunua. Pengine nawaza sana. Safari imenichosha.

Nakuja. Mwambie Kidoti aniwekee jino.

Wako,
Baba Kidoti


Kituoni,
tarehe 21 mwezi wa tatu

Mume wangu,

Barua zetu zimepishana. Yangu ya tarehe 12 sasa umeshaipata, Breki ameniapia alikuachia kwa muuza chai. Kwa hiyo unajua.

Sijui nianzie wapi. Nimeisoma yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena labda nilikosea, maana mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Sikukosea.

Mama alinikuta hivyo akasema, "Kafa?" Nikasema hapana, Mama, amemaliza kazi. Akapiga kigelegele. Hakijafika mwisho nikamwambia yote, aliye machimboni na aliye chumba cha kwanza. Nilijua ataniomba ufunguo. Alinyoosha mkono kweli, uko hapa mbele yangu hivi. Akausubirisha. Kisha akaurudisha, akauliza, "Yule wa kokoto, ana mama?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Lazima anaye. Kila mtu anaye," akatoka nje akakaa kwenye benchi, lile lililotengenezwa na kijana. Mpaka sasa yuko pale.

Kijana naye alisikia, ukuta hauzuii kitu. Nilimpelekea maji akaniuliza, "Aliyenipa mkate?" Nikamwitikia. Akageukia ukutani. Baadaye akasema, "Mama, ongeza na hilo kwenye yangu." Nikamwambia hapana kaka, kila mtu na lake, hilo lina mwenyewe. Sijui nilipata wapi kusema hivyo. Nilipolisema ndipo nililielewa.

Nikikwambia nina hasira na wewe nitakuwa nadanganya, na nikikwambia sina nitakuwa nadanganya. Nakupenda vilevile, na ndicho kinachonichanganya, nilidhani kitu kama hiki kitapunguza. Natamani ufike leo, natamani usifike kabisa.

Lakini sikiliza habari hii, maana si zote mbaya. Breki anasema mji wa pili kutoka hapa kuna hakimu bado anakaa. Ni mama mtu mzima. Paa la mahakama limeibwa, kwa hiyo anasikiliza kesi chini ya turubai, na mvua ikinyesha wanasogea wote upande mmoja, mshtakiwa na mshtaki. Watu wanamwendea kwa miguu kutoka mbali. Breki ataniambia siku anayokwenda huko na mzigo, na amekubali kubeba watu. Nimemwambia watakuwa wawili. Akaniuliza wa pili nani. Safari hii nimemwambia funga breki.

Chumba cha pili nimekifagia. Nimetoa matairi ya zamani na nyumba za buibui, nimemwaga maji. Kina dirisha zuri kuliko cha kwanza, linatazama uani, utamwona Kidoti akitambaa.

Unaweza usije. Njia ni nyingi na askari hakuna, hakuna wa kukushika. Nalijua hilo. Ndiyo maana nakuomba badala ya kukuamuru.

Mkeo


Ng'ambo ya barabara,
tarehe 29 mwezi wa tatu

Mama Kidoti,

Nimekaa kwenye kibanda cha fundi baiskeli, nauona moshi wa jiko lako. Nimempa fundi karatasi hii akuletee. Miguu imegoma kuvuka.

Sikuondoka njia panda mara moja; barua zako zote mbili nilizipata kwa muuza chai, siku moja. Nilirudi machimboni. Niliwauliza wale wapasua kokoto jina lake. Walidhani nimekuja kuua mwingine, wakakimbia, nikabaki peke yangu napiga kelele nauliza jina la mtu. Mwishowe mzee mmoja alirudi, akaniambia. Ana mama. Ana na mtoto. Nilimwachia mzee zile buti awapelekee wenyewe, maana alizinunua, ni mali yake. Bastola nimeitupa kwenye maji ya machimbo. Mikono yangu mitupu kabisa sasa, mwambie Mama.

Nilitafuta sheria kichwani, nikatafuta kifungu cha askari aliyefuata kanuni akakosea. Sikukipata. Nikijiambia nilikuwa kazini, najikumbusha kwamba sikuwa kazini. Siku moja ni mimi, siku ya pili si mimi. Nimemwelewa yule kijana wako kuliko nilivyotaka.

Niambie niingie mlango upi. Wa uani ndio wa nyumbani kwangu, na Mama yuko upande huo. Wa mbele sijawahi kuupita isipokuwa nikiwa nimemshika mtu.

Mimi


Kaunta,
leo hii

Mume wangu,

Nakuona kutoka hapa. Umekonda, na fundi baiskeli amekupa kigoda kibovu, angalia usianguke.

Usipite uani. Ukipita uani utamkumbatia mtoto, Mama atalia, mimi nitapakua chakula, tutakula, na kesho itakuwa ngumu zaidi. Tukianza na nyumbani hatutafika kituoni.

Pita mlango wa mbele, kama watu wote. Nimesimama hapa, kalamu ninayo. Nitakuuliza jina lako, ingawa nalijua. Wewe jibu tu.

Mama Kidoti